Akiketi

Tofi habweki. Tulimfunza asibweke.
Akipata, huketi kitako
kama mtoto aliyeitwa jina darasani,
kisha hunitazama mimi, si wewe.
Wewe utatazamwa na foleni nzima.

Lango la kaskazini, saa nne asubuhi, Januari.
Malisho ya kondoo ya Haverty yamekodishwa siku tatu,
vumbi jekundu, mikaratusi inanuka dawa ya kifua,
na ngoma tayari zinapiga kwenye nyayo zetu
kabla hazijafika masikioni.
Vijana elfu kumi na mbili,
mng'aro mashavuni, kofia, mafuta ya jua.
Tofi anawapitia usawa wa magoti, pua majimaji,
kama asomaye tanbihi tu.

Sajini Pruett hupenda kusema: linusikalo lipo.
Kweli. Na kama halipo, lilikuwapo:
jana, juzi, kwenye kiti cha teksi,
kwenye koti la kuazima.

Akaketi mbele ya Corin Thwaites,
miaka kumi na tisa, anajifunza useremala,
gundi bado vidoleni.
Hema la buluu. Vua viatu. Vua soksi. Geuza mifuko.
Inama.
(Hilo nililisikia kupitia turubai.
Sauti ya Pruett ilikuwa ya upole, kama ya daktari wa meno.)
Vikatoka: pipi za koo, tiketi ya treni kutoka Sidni,
picha ya pasipoti ya msichana mwenye nywele fupi.
"Koti ni la kaka yangu," alisema akitoka,
na hakuniambia mimi, alimwambia mbwa.
Fulana yake ameivaa nje ndani.
Nikaandika: hakuna.
Mara ishirini na tatu Tofi aliketi asubuhi ile.
Mara kumi na saba niliandika: hakuna.
Hesabu hiyo hakuna aliyenifunza kuisoma.

Lakini huko nyuma, hatua kama thelathini,
kuna aliyeuona mkia wa Tofi ukizunguka uzio.
Mimi sikumwona. Nawaza tu ilivyokuwa:
kimoja cha mchana, kimoja cha machweo, kimoja cha rafiki,
vyote vitatu kwa mpigo
na funda la maji ya uvuguvugu,
kwa sababu yangu,
au ya mbwa, au ya sheria, au ya umri wake.
Nimelizungusha hilo usiku mwingi. Haliketi.

Alipita mbele yetu akitabasamu.
"Mrembo we," alimwambia Tofi.
Viatu vya mpira, vya njano.
Upepo ulikuwa mgongoni mwetu, na pua haifiki tumboni.
Mkia ukacheza. Akapita.

Saa kumi jioni, nyuzi arobaini na moja.
Zamu imekwisha, tunarudi garini,
nimeshamvua Tofi kile kizibao cha kazi.
Mbwa asiye na kizibao ni mbwa tu:
anaruhusiwa kuchimba nyasi, anaruhusiwa kukosea.
Njia yetu ilipita hema la huduma ya kwanza.
Barafu inamwagwa kwa ndoo.
Muuguzi, mikono imezama hadi viwiko,
anaita, "Nitazame, mpenzi. Hapa. Nitazame mimi."
Rafiki amesimama pembeni, kifuko kitupu cha plastiki mkononi,
anamnyooshea kila apitaye, na hakuna anayekipokea.
Kiatu kimoja cha njano kwenye nyasi.

Tofi akasimama.
Hakuna aliyemwamuru.
Akaketi.
Akanitazama.

Kuna kanuni moja tu kwa mbwa wa kazi:
akipata, alipwe, hapo hapo,
la sivyo kesho hatajua kazi ni nini.
Mkono wangu uliingia mfukoni peke yake.
Mpira wa tenisi, umechanika upande,
una mate makavu ya asubuhi.

Alikuwa amepatia.
Nikampa.